Kuonyesha Taarifa za Matamko ya Mhusika katika Michezo ya Mezani ya Mtandaoni: Data, Haki ya Kujua na Upatanisho wa Kisarufi

Ikisiri

Michezo ya mezani ya kuigiza wahusika ilichezwa kwa miongo kadhaa kwa karatasi, penseli na dadu. Leo huchezwa pia kupitia programu za mtandaoni. Makala haya yanachunguza sehemu moja ya programu hizo, yaani namna taarifa za matamko ya kimazingaombwe ya mhusika zinavyohifadhiwa, zinavyokokotolewa na zinavyoonyeshwa kwa wachezaji. Mfano mkuu ni toleo la tano la Dungeons & Dragons, ambalo kanuni zake za msingi zinapatikana kwa leseni huria. Makala yanabainisha aina tatu za taarifa zinazokutana katika kadi moja ya tamko. Yanaonyesha pia kwamba uamuzi kuhusu maonyesho ni uamuzi kuhusu nani ana haki ya kujua nini. Hatimaye yanaeleza kwa nini kadi hiyo haiwezi kuletwa katika Kiswahili kwa kubadilisha maneno pekee. Hoja kuu ni kwamba upatanisho wa kila nomino unapaswa kuhifadhiwa kama data tangu mwanzo wa usanifu wa programu. Mapendekezo yanatolewa kwa watunga istilahi, wasanifu wa programu na washauri wa sera ya lugha.

Maneno makuu: michezo ya kuigiza wahusika, kiolesura, tamko, ngeli, upatanisho, ujanibishaji wa programu

1.0 Utangulizi

Dungeons & Dragons ilichapishwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1974 na kampuni ya TSR. Watunzi wake walikuwa Gary Gygax na Dave Arneson. Katika mchezo huu, kikundi kidogo cha watu huketi pamoja. Mmoja wao, ambaye hapa tutamwita mwendesha mchezo, husimulia mazingira na kuwaigiza watu na viumbe wote wasiomilikiwa na wachezaji. Kila mmoja wa waliobaki humwigiza mhusika mmoja. Tendo lenye mashaka huamuliwa kwa kurusha dadu, na uwezo wa mhusika huandikwa katika karatasi yake.

Karatasi hiyo ndiyo iliyohamia mtandaoni. Fantasy Grounds ilitolewa mwaka 2004, Roll20 mwaka 2012, D&D Beyond mwaka 2017 na Foundry Virtual Tabletop mwaka 2020. Programu hizi zinatofautiana kwa muundo na kwa masharti ya matumizi, lakini zote zina karatasi ya mhusika inayoonekana katika skrini. Sehemu ngumu zaidi ya karatasi hiyo kuisanifu ni ile ya matamko ya kimazingaombwe, kwa sababu mhusika mmoja anaweza kuwa na matamko zaidi ya kumi, na kila tamko lina kanuni zake.

Msomi wa Kiswahili anaweza kuuliza jambo hili linamhusu vipi. Jibu limo katika tofauti kati ya karatasi ya zamani na ya sasa. Karatasi ya zamani ilikuwa bubu: mchezaji aliandika jina la tamko na nambari ya ukurasa, kisha akafungua kitabu. Karatasi ya programu hukokotoa, hukumbusha na hutunga sentensi. Hutangaza kwamba fulani ametumia tamko fulani, kwamba walengwa watatu wameumia, kwamba nafasi moja imebaki. Programu inayotunga sentensi inahitaji sarufi, na sarufi hiyo kwa kawaida ni ya lugha ambamo programu ilibuniwa. Kwa hiyo mchezo huu unatupa mfano mdogo, ulio wazi na usio na siri za kibiashara, wa tatizo linalokabili kila mfumo unaounda ujumbe wa Kiswahili kutoka katika hifadhidata.

2.0 Dokezo kuhusu istilahi

Kabla ya kueleza namna ya kuonyesha, ni lazima kukubaliana kuhusu jina la kinachoonyeshwa. Neno linalojitokeza haraka ni uchawi. Hata hivyo, katika Afrika Mashariki neno hili si la hadithi pekee. Kenya ilitungiwa sheria ya uchawi mwaka 1925, na Tanganyika ikatungiwa ya kwake mwaka 1928. Tuhuma za uchawi zimegharimu maisha ya watu, hasa wazee. Kuliweka neno hilo juu ya kitufe cha mchezo unaochezwa na vijana ni kulibebesha mchezo uzito usio wake, au kuupunguza uzito wa jambo zito.

Kiswahili kina maneno mengine ya karibu, lakini kila moja ni finyu. Kago ni kinga. Hirizi ni kitu kinachovaliwa. Ramli ni njia ya kubashiri. Kiinimacho ni kudanganya macho. Haya yanafaa kutaja aina za matamko, si jumla yake. Makala haya yanatumia tamko la kimazingaombwe, na kwa kifupi tamko, kwa kitengo kimoja cha uwezo ambacho mhusika anaweza kukitumia. Ni kweli kwamba yapo matamko yasiyohitaji sauti, lakini neno hili halina mzigo wa tuhuma, ni fupi vya kutosha kwa kitufe, na upatanisho wake wa LI-YA unajulikana na kila msemaji. Majina ya matamko yanayotajwa hapa ni tafsiri zetu.

3.0 Tamko moja lina taarifa gani?

Chukua Mpira wa Moto, mojawapo ya matamko mashuhuri zaidi katika mchezo huu. Kwa kanuni za mwaka 2014, kadi yake ingesomeka hivi:

Jina: Mpira wa Moto
Daraja: 3
Aina: nishati
Muda wa kutamka: kitendo 1
Masafa: futi 150
Mahitaji: sauti, ishara za mikono, kitu (kinyesi cha popo na salfa)
Kudumu: papo hapo
Eneo: duara lenye nusu kipenyo cha futi 20
Kujinusuru: wepesi, anayefaulu hupata nusu ya madhara
Madhara: moto, dadu 8 za pande 6
Kwa nafasi ya juu: dadu 1 zaidi kwa kila daraja linalozidi la 3

Sehemu hizi karibu zote hujirudia katika kila tamko. Madaraja ni 9, pamoja na matamko madogo yanayohesabiwa kuwa ya daraja 0 na kutumika bila kikomo. Aina ni nane, ambazo tunaweza kuziita kinga, wito, uaguzi, ushawishi, nishati, kiinimacho, mauti na ugeuzaji. Baadhi ya matamko hutumika kama mwitikio wa ghafla. Kwa mfano, Ngao huongeza 5 katika kinga ya mhusika mara tu anaposhambuliwa. Mengine hudai umakinifu, yaani mhusika hawezi kushikilia mawili ya namna hiyo kwa wakati mmoja. Mengine yanaweza kufanywa kama tambiko, kwa kuongeza dakika 10 bila kutumia nafasi.

Msanifu wa kiolesura hukutana hapa na swali lake la kwanza: lipi lionekane bila kubonyeza? Mchezaji ambaye zamu yake imefika hahitaji kusoma kadi nzima. Anahitaji kujua kama tamko linatumia kitendo au mwitikio, kama litamfikia adui, kama litavunja umakinifu alioushikilia, na kama nafasi ipo. Mambo haya manne yanastahili kukaa katika mstari mmoja wa orodha, na maelezo marefu yafunguke kwa anayeyataka. Karatasi nyingi za mtandaoni huweka jina na daraja mbele na kuyaficha haya mengine. Matokeo yake ni kwamba mchezaji hufungua kadi tano ili kuchagua tamko moja, na wenzake humngoja.

4.0 Aina tatu za taarifa

Kadi ya tamko huonekana kama kitu kimoja, lakini ndani yake zimo taarifa za asili tatu tofauti.

4.1 Taarifa thabiti

Hizi ni zile zinazotoka katika kanuni na zisizomtegemea mhusika yeyote: jina, daraja, masafa, maandishi ya maelezo. Programu huzihifadhi mara moja na kuzitumia kwa wahusika wote.

Uthabiti huu una mipaka miwili. Wa kwanza ni wa kisheria. Kampuni ya Wizards of the Coast, inayomiliki mchezo huu, hutoa hati ya kanuni za msingi yenye matamko zaidi ya 300. Mwezi Januari 2023, baada ya mgogoro mkubwa kuhusu mpango wa kubadilisha leseni ya awali, kampuni iliiweka hati hiyo chini ya leseni ya Creative Commons inayoruhusu mtu yeyote kunakili, kutafsiri na kuuza, mradi ataje chanzo. Matamko yaliyomo katika vitabu vingine hayamo katika ruhusa hiyo. Ndiyo maana programu za watu wa kujitolea huonyesha kadi kamili kwa matamko fulani, na kuacha mengine yajazwe na mchezaji mwenyewe.

Mpaka wa pili ni wa matoleo. Kitabu cha wachezaji kilichapishwa upya mwaka 2024 kikiwa na matamko yaliyorekebishwa. Mwezi Agosti mwaka huohuo, D&D Beyond ilitangaza kwamba matamko ya zamani yangebadilishwa na mapya katika karatasi za wahusika waliokwishaundwa. Wachezaji walipinga vikali, kwa kuwa walikuwa wamenunua maandishi ya awali na walikuwa katikati ya michezo iliyochukua miezi au miaka. Baada ya siku chache kampuni ilibatilisha uamuzi huo. Tukio hili linaonyesha kwamba taarifa tunayoiita thabiti ni thabiti pale tu ambapo toleo lake limehifadhiwa pamoja nayo. Rekodi ya tamko isiyotaja toleo humwachia mwenye seva uwezo wa kuibadilisha ahadi ya mchezo bila wachezaji kushirikishwa.

4.2 Taarifa zinazokokotolewa

Hizi hutokana na kukutana kwa tamko na mhusika. Tuseme mhusika ni msomi wa mazingaombwe wa ngazi ya 5, mwenye nyongeza ya akili ya 4 na nyongeza ya umahiri ya 3. Kiwango ambacho adui anapaswa kukifikia ili ajinusuru ni 8 kuongeza 3 kuongeza 4, yaani 15. Mpira wa Moto wake hurusha dadu 8 za pande 6, ambazo wastani wake ni 28. Akifika ngazi ya 7 atapata nafasi ya daraja la 4, na akilitumia tamko hilo kwa nafasi hiyo, dadu zitakuwa 9. Matamko madogo ya mashambulizi, kwa upande mwingine, huongezeka kwa kufuata ngazi ya mhusika bila kujali nafasi.

Kadi nzuri humwonyesha mchezaji huyu 15, si kanuni ya kuipata 15. Lakini inapaswa pia kumwezesha kuuliza namba hiyo imetoka wapi. Namba isiyoweza kufafanuliwa hugeuka kuwa amri: mwendesha mchezo anapotilia shaka hesabu, hakuna njia ya kumaliza ubishi isipokuwa kurudi kwenye kitabu, na faida ya programu inapotea. Vilevile kanuni ya hesabu yenyewe hubadilika. Katika toleo la mwaka 2014 idadi ya matamko ambayo msomi huyu anaweza kuyaandaa kwa siku ilikokotolewa kwa kujumlisha ngazi na nyongeza ya akili, hivyo 9. Katika toleo la 2024 idadi husomwa katika jedwali la kila taaluma. Programu iliyofungia kanuni ya kwanza ndani ya maonyesho yake ililazimika kuandikwa upya.

4.3 Taarifa zinazobadilika

Aina ya tatu ni hali ya sasa: nafasi zilizobaki, matamko yaliyoandaliwa leo, umakinifu unaoshikiliwa. Katika matoleo ya awali, yaliyoathiriwa na hadithi za mwandishi Jack Vance, tamko lililokaririwa lilifutika akilini likishatumika. Hivyo karatasi ilihitaji alama moja tu ya kufuta. Toleo la tano lilitenganisha mambo mawili. Mhusika huandaa matamko kadhaa, kisha huyatumia kwa kutoa nafasi kutoka katika hazina ya pamoja. Msomi wa ngazi ya 5 ana nafasi 4 za daraja la kwanza, 3 za la pili na 2 za la tatu, na anaweza kutumia nafasi ya juu kwa tamko la chini.

Kwa sababu hiyo karatasi inahitaji kuonyesha orodha mbili zisizolingana: ya matamko na ya nafasi. Kosa la kawaida ni kuziweka katika kurasa mbili za skrini, na kumfanya mchezaji achague tamko asilo na nafasi ya kulilipia. Aidha, si wahusika wote hurejeshewa nafasi kwa namna moja. Wengi huzipata baada ya mapumziko marefu, lakini mhusika aliyefunga mkataba na nguvu kuu huzipata baada ya mapumziko mafupi. Kitone kinachoashiria nafasi kinapaswa kusema pia kitajazwa lini, kwa kuwa mchezaji huamua kutumia au kuweka akiba kulingana na jibu hilo.

5.0 Nani aone nini?

Mezani, mtu huficha karatasi yake kwa mkono na mwendesha mchezo huweka kizuizi cha kadibodi mbele yake. Mtandaoni ufichaji huo lazima uandikwe katika programu. Roll20 hutenganisha orodha ya wanaoweza kuiona karatasi na ya wanaoweza kuihariri. Foundry ina viwango vinne vya haki, kuanzia kutoona lolote hadi umiliki kamili, na mrusha dadu huchagua kama matokeo yaonekane kwa wote, kwa mwendesha mchezo pekee, au yafichwe hata kwake mwenyewe.

Uzito wa chaguo hizi unaonekana vyema katika Tanguo, tamko la daraja la 3 linalotumika kama mwitikio kuzuia tamko la mwingine. Kwa kanuni za 2014, Tanguo likitolewa kwa nafasi ya daraja la 3 hulivunja moja kwa moja tamko la daraja la 3 au chini. Likikabili la juu zaidi, mchezaji hulazimika kurusha dadu na kufikia 10 kuongeza daraja la tamko hilo. Kwa hiyo anayetaka kutangua hucheza kamari: je, adui anatoa tamko dogo lisilostahili nafasi yangu, au kubwa linalostahili nafasi ya juu zaidi? Kitabu cha nyongeza cha mwaka 2017, Xanathar's Guide to Everything, kilipendekeza kwamba kulitambua tamko linapotolewa kuhitaji mwitikio na jaribio la elimu ya mazingaombwe lenye kiwango cha 15 kuongeza daraja. Kwa kuwa mhusika ana mwitikio mmoja tu kwa mzunguko, anayetambua hawezi kutangua. Ni lazima mwenzake afanye hivyo.

Sasa programu inayochapisha kadi nzima ya tamko katika uga wa mazungumzo mara mwendesha mchezo anapobonyeza kitufe huifuta kamari hiyo. Wote wanaona jina na daraja kabla ya kuamua. Hakuna kanuni iliyobadilishwa, lakini mchezo umebadilika. Kinyume chake, programu inayoficha kila kitu humnyima mchezaji taarifa ambayo mhusika wake angeiona kwa macho: mikono inayocheza, sauti inayopaa. Suluhisho ni kuigawa kadi. Sehemu ya kwanza, inayotokana na mahitaji ya tamko, hutangazwa mara moja: “Mzee wa mnarani anapaza sauti na kuinua mkono.” Sehemu ya pili, yenye jina, daraja na madhara, hutolewa baada ya nafasi ya mwitikio kupita. Hili linawezekana pale tu ambapo data za tamko zimehifadhiwa vipande vipande. Tamko lililohifadhiwa kama aya moja ya maandishi litaonekana lote au lisionekane kabisa.

Haki ya kujua ina upande mwingine, ule wa mwenye ulemavu. Mchezaji asiyeona vizuri ana haki sawa ya kuifahamu kadi yake. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti hudai uwiano wa utofautishaji wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake, na hukataza kutegemea rangi pekee kutoa maana. Karatasi zinazoashiria nafasi iliyotumika kwa kitone chekundu na iliyobaki kwa cha kijani hukiuka jambo hilo la pili.

6.0 Kiswahili katika kadi ya tamko

Mwaka 2023 hati ya kanuni za msingi ilitolewa pia kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiitalia na Kihispania. Kiswahili hakikuwa miongoni mwa lugha hizo, lakini leseni inamruhusu yeyote kuitafsiri. Swali ni tafsiri hiyo itaingiaje katika programu.

Kadi yenyewe, kama ile ya sehemu ya 3.0, haina shida kubwa, kwa kuwa imeundwa kwa jozi za kichwa na thamani. “Nafasi zilizobaki: 1” inasomeka, ingawa kisarufi nafasi moja imebaki na si zimebaki. Vipimo huhitaji uamuzi. Matoleo ya Ulaya hubadilisha futi 5 kuwa mita 1.5, na kwa hesabu hiyo masafa ya Mpira wa Moto huwa mita 45 na nusu kipenyo chake mita 6. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki aliyefundishwa mita shuleni angenufaika na uamuzi kama huo.

Shida huanza programu inapotunga sentensi. Mpira wa Moto huunguza viumbe na huwasha vitu vinavyoweza kuwaka. Kwa Kiingereza kiunzi kimoja cha sentensi hutosha kwa vyote: jina huingizwa mahali pake na kitenzi hakibadiliki. Kwa Kiswahili askari ameungua, lakini mlango umeungua, kiti kimeungua, jani limeungua na nyumba imeungua. Kiunzi kimoja cha Kiingereza kinadai angalau viunzi vitano, na vingine vya wingi.

Msanifu makini atatafuta msaada katika CLDR, hazina ya data za lugha inayotunzwa na shirika la Unicode. Humo atakuta kwamba Kiswahili kina makundi mawili ya idadi, umoja na wingi, sawasawa na Kiingereza. Atahitimisha kwamba Kiswahili ni rahisi. Data hizo si potofu. Zinajibu swali la idadi, ilhali swali letu ni la ngeli. Kinachohitajika ni kila jina katika hifadhidata, liwe la mtu, mnyama au kitu, libebe taarifa ya upatanisho wake, na kila kiunzi kichague umbo la kitenzi kwa kuisoma taarifa hiyo. Mifumo ya kisasa ya kuandika ujumbe wa programu ina uwezo wa kuchagua umbo kwa namna hii, na tayari hutumiwa kwa jinsia za kisarufi katika lugha za Ulaya.

Taarifa hiyo haiwezi kukisiwa kutokana na kiambishi cha jina. Kiumbe kina umbo la KI-VI, lakini kwa kuwa kina uhai, viumbe watatu wameungua. Joka huleta mjadala zaidi: wapo watakaosema joka limeungua, kwa kufuata ukubwa, na wapo watakaosema ameungua, kwa kufuata uhai. Katika mchezo ambao joka limo hata katika jina lake, jambo hili haliwezi kuachiwa kila mtafsiri aliamue peke yake. Isitoshe, mchezo huu unaweza kubadilisha uhai wenyewe. Lipo tamko la aina ya mauti linaloinua maiti na mifupa iwe watumishi wa mhusika. Kabla ya tamko mifupa imelala. Baada yake mtumishi huyo anatembea, anashambulia na anaumia. Upatanisho, basi, si sifa ya kudumu ya jina tu, bali unaweza kuwa taarifa inayobadilika, ya aina ya tatu katika uainishaji wetu.

Tarakimu nazo huficha tatizo bila kuliondoa. “Walengwa 3” na “viti 3” huonekana salama kwa macho. Lakini programu ya kusomea skrini kwa sauti inapaswa kutamka walengwa watatu na viti vitatu, huku walengwa sita na viti sita vikibaki bila kiambishi, kwa sababu namba za moja hadi tano na nane hupatana na nomino, ilhali sita, saba, tisa na kumi hazipatani. Sauti isiyojua hili husema “viti tatu” kwa mchezaji anayetegemea masikio pekee. Kasoro ambayo mwenye macho haioni humfikia moja kwa moja yule ambaye teknolojia ilikusudiwa kumsaidia.

Mwisho, watafsiri wa programu hupewa mara nyingi orodha ya maneno bila muktadha. Neno moja la Kiingereza lenye maana ya “tayari kutumika” huweza kuwa kichwa cha orodha na pia alama ya tamko moja. Kwa Kiswahili kichwa ni “Yaliyoandaliwa” na alama ni “Limeandaliwa”. Mtafsiri asiyeona skrini hana namna ya kujua lipi linahitajika, na programu iliyotumia ufunguo mmoja kwa sehemu zote mbili haina pa kuyaweka yote mawili.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yameeleza kwamba kadi ya tamko hukusanya taarifa thabiti, zinazokokotolewa na zinazobadilika, kwamba kila moja inahitaji namna yake ya kuhifadhiwa, na kwamba kuzigawa vizuri ndiko kunakowezesha mwendesha mchezo kumpa kila mtu kile anachostahili kukijua. Yameonyesha pia kwamba mgawanyo huohuo ndio Kiswahili kinaouhitaji: programu isiyotenganisha jina, idadi na tendo haiwezi kupatanisha.

Mapendekezo manne yanafuata. Kwanza, vyombo vya istilahi, yakiwemo mabaraza ya kitaifa na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, viweke upatanisho kando ya kila istilahi mpya wanayoitoa kwa matumizi ya kidijitali, hasa pale umbo na uhai vinapokinzana. Orodha ya maneno bila taarifa hiyo humfaa msomaji, lakini haiifai mashine. Pili, miongozo ya serikali ya ununuzi wa programu zinazotoa ujumbe wa Kiswahili idai kwamba viunzi vya sentensi vijaribiwe kwa nomino za ngeli mbalimbali, na kwa sauti pamoja na maandishi. Risiti ya malipo kwa simu na ujumbe wa kliniki huundwa kwa viunzi vilevile, na makosa yake yana gharama kubwa kuliko ya mchezo. Tatu, idara za Kiswahili na za sayansi ya kompyuta zishirikiane katika kutafsiri hati ya kanuni iliyo huria kama zoezi la wanafunzi. Ina ukubwa unaowezekana, sheria yake iko wazi, na inagusa karibu kila tatizo la upatanisho. Nne, kila maandishi yanayohifadhiwa kwa matumizi ya umma yabebe alama ya toleo lake, ili mtumiaji asiamke na kukuta kanuni aliyoitegemea imebadilishwa usiku.

Utafiti unaofuata ungeweza kupima kwa wachezaji halisi ni kasoro zipi za upatanisho zinazowachelewesha kuelewa, na zipi wanazozivumilia. Jibu lingewasaidia wasanifu wenye muda na fedha kidogo kujua waanze kurekebisha wapi.